Usiache Kula kwa Kuogopa Choo: Chakula na Mazoezi Ukiwa na Mpasuko wa Njia ya Haja Kubwa

Kuna maradhi ambayo mtu huyataja hata mbele ya wageni: kichwa, mgongo, presha. Na kuna haya. Mpasuko wa njia ya haja kubwa ni mchaniko mdogo, mara nyingi wa milimita chache tu, kwenye ngozi laini iliyo ndani kidogo ya tundu la haja. Udogo wake usikudanganye. Ukienda chooni unahisi kama unapitisha vipande vya chupa, na ukishamaliza unabaki na mchomo unaoweza kuisha baada ya dakika chache au kukuganda kwa saa kadhaa. Ukijifuta unaona damu nyekundu inayong'aa. Halafu unarudi kazini, unakaa kwa upande mmoja wa kiti, na mtu akikuuliza una nini unasema mgongo.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, ingawa haya hayaui. Yanachoua ni hamu: hamu ya kula, ya kutoka, ya kufanya mazoezi. Mimi si daktari. Nimeugua, nikatibiwa, nikapona, na ninayoyaandika hapa ni yale yaliyonifaa pamoja na yale niliyoelezwa na walionitibu. Nitazungumzia zaidi kula na kuushughulisha mwili, maana hayo mawili ndiyo mgonjwa huanza kuyaacha, na ndiyo hayo hayo yanayompa nafuu.

Kwa nini kidonda kidogo hivi hakiponi

Njia ya haja inafungwa na misuli miwili. Wa nje unautawala mwenyewe. Ndio unaoubana ukiwa umeshikwa na choo hakipo karibu. Wa ndani hausikilizi amri ya mtu. Unajiendesha wenyewe usiku na mchana, na muda mwingi umekaza kiasi. Ngozi ikichanika, huu wa ndani hushtuka na kukaza kupita kawaida yake. Ukikaza hivyo unaibana mishipa ya damu ya mahali pale, na kidonda kisichofikiwa na damu ya kutosha hupona kwa kusuasua. Takriban mipasuko 9 kati ya 10 hutokea upande wa nyuma, katikati kabisa, kuelekea mfupa wa mkia, na sehemu hiyo tangu mwanzo hupata damu kidogo kuliko pembeni.

Kwa hiyo una kidonda, una msuli uliokaza, na kila siku kinyesi kinapita juu ya kidonda hicho hicho. Hapo ndipo hofu inapoingia, na kwa maoni yangu hofu ndiyo inayougeuza mpasuko wa wiki mbili kuwa wa miezi.

Angalia inavyokwenda. Mtu ameumia chooni leo. Kesho asubuhi anahisi haja, anakumbuka ya jana, anabana. Hisia inapita, anashukuru. Lakini kinyesi kilichorudi ndani hakikai bure. Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kufyonza maji, na kadiri kinavyokaa humo ndivyo kinavyokauka. Keshokutwa kinatoka kikubwa na kigumu, kidonda kinachanika upya, na hofu inapata ushahidi mwingine. Wengine wanapiga hatua ya pili: wanapunguza kula. Wanajiambia nikila kidogo nitakwenda mara chache, nikienda mara chache nitaumia mara chache. Hesabu hii inaonekana ina akili mpaka uifuatilie hadi mwisho wake. Chakula kidogo kinatoa kinyesi kidogo, kinyesi kidogo hakisukumi utumbo ufanye kazi, kinakaa siku mbili tatu, kinatoka kama vigololi vikavu. Na kigololi kikavu ndicho hasa kinachochana.

Lengo ni kinyume chake: kwenda haja kila siku au karibu kila siku, kwa kinyesi laini chenye umbo. Madaktari wana chati yenye aina 7 za kinyesi, iliyotengenezwa Bristol, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 1997. Aina ya 1 ni vigololi vigumu, aina ya 7 ni maji matupu. Unayoitaka ni ya 4, ndefu, laini, inayoteleza yenyewe. Ya 3 nayo inavumilika. Sitanii nikisema chati hii ilikuwa na manufaa kwangu kuliko nusu ya ushauri niliopewa na jamaa. Inakupa kitu cha kupima. Ukiona umeteremka kwenye aina ya 2, unajua kesho unahitaji maji na mboga zaidi kabla mambo hayajaharibika. Na usiitamani ya 6 wala ya 7 ukidhani ndiyo salama. Kuharisha mara kwa mara kunaiunguza ngozi ile na kunaweza kuipasua vilevile.

Sahani

Nyuzinyuzi ndizo habari kubwa hapa. Ni ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliisagi, inapita hadi utumbo mpana ikiwa imeshika maji, inakipa kinyesi ujazo na ulaini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku kutoka kwenye chakula; wenye tatizo hili mara nyingi huambiwa wafike kati ya 25 na 35. Watu wengi hawafiki hapo, wala hawajui kama hawafiki, kwa sababu nyama, samaki, mayai, maziwa na jibini havina nyuzinyuzi kabisa. Unaweza kula vizuri, ukashiba, ukaamka huna kitu.

Nilipoanza kuhesabu ndipo nilipoona chakula gani kinabeba mzigo na kipi ni mapambo. Kikombe kimoja cha dengu zilizopikwa kina takriban gramu 15, yaani zaidi ya nusu ya siku nzima kwenye bakuli moja. Maharage yako karibu hapo hapo. Nusu ya parachichi ina gramu 6 au 7, peari moja na ganda lake gramu 5 hadi 6, tufaha na ganda lake kama 4. Vijiko viwili vya mezani vya mbegu za chia vinaweza kukupa gramu 8 hadi 10. Kipande cha mkate wa ngano nzima kina 2 au 3, wakati cha mkate mweupe kwa kawaida hakifiki hata 1. Saladi ya majani mabichi ambayo watu wakisutwa na dhamira huikimbilia? Ni nzuri, lakini bakuli zima la letusi halikupi hata robo ya kikombe cha dengu. Kama unataka mabadiliko ya kweli, jamii ya kunde iwe kwenye sahani yako kila siku.

Kifungua kinywa changu kikawa kimoja, na sikuona haja ya kukibadilisha: uji wa oti, kijiko cha chia kilicholowekwa ndani yake tangu usiku mpaka kikawa utelezi, vipande vya peari juu, na glasi kubwa ya maji kabla ya chochote. Ni chakula kisicho na mvuto wowote kwenye picha. Lakini kinafanya kazi, na kinakufikisha kwenye theluthi ya hesabu ya siku kabla hujavaa viatu.

Sasa tahadhari, na hii ni ya muhimu: usiruke kutoka gramu 10 hadi 30 kwa siku moja. Tumbo litajaa gesi, utavimba, utaumwa, na utaishia kusema nyuzinyuzi hazinipatani. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu. Weka kitu kimoja, kiache siku kadhaa utumbo uzoee, ndipo uweke kingine. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa na kupikwa kwa maji mapya, huleta gesi kidogo zaidi.

Na maji. Nyuzinyuzi bila maji zinaweza kukufungia choo zaidi ya mwanzo. Sina imani na ile kanuni ya idadi moja ya glasi kwa kila mtu, maana mwili wa anayekaa ofisini na wa anayebeba mizigo juani si sawa. Angalia mkojo: ukiwa wa manjano hafifu uko vizuri, ukiwa umekolea ongeza. Ukitoka jasho mazoezini, fidia.

Kuna siku chakula pekee hakitoshi. Hapo ndipo maganda ya isabgoli yanaposaidia, yale ambayo kwenye makopo mengi huandikwa psyllium. Kijiko kwenye glasi ya maji, koroga, kunywa mara moja kabla hakijaganda, kisha glasi nyingine ya maji juu yake. Usiyameze makavu, yanavimba haraka na yanaweza kukukwama kooni. Plamu zilizokaushwa nazo si hadithi za bibi. Zina nyuzinyuzi na zina sukari ya asili iitwayo sorbito inayovuta maji ndani ya utumbo. Tunda la kiwi pia, mawili kwa siku, huwasaidia wengi. Kama bado choo ni kigumu, daktari anaweza kukupa dawa ya kulainisha kama laktulosi au makrogoli, ambazo kazi yake ni kuvuta na kushikilia maji. Hizi si sawa na zile dawa kali za kusukuma tumbo ambazo zinakuacha ukikimbilia chooni mara tano kwa usiku mmoja. Hizo za pili kwa mtu mwenye kidonda ni adhabu.

Cha kupunguza? Pilipili, kwanza kabisa. Kinachowasha ulimini ndicho kinachowasha mwisho wa safari, kwa sababu mishipa ya fahamu inayotambua ukali huo iko kote kuwili. Najua kuna watu ambao chakula bila pilipili kwao si chakula, na siwaambii waiache maisha. Waiache hadi kidonda kifunge. Pombe nayo inapoteza maji mwilini. Kahawa sikuiacha, kwani kikombe cha asubuhi huuamsha utumbo, ila isiwe ndiyo badala ya maji. Vitu vikavu vyenye ncha kama bisi na chipsi ngumu nilivikalia mbali katika zile wiki mbaya, na karanga nilizitafuna mpaka zikawa uji.

Jambo moja watu hulisahau: dawa nyingine. Vidonge vya madini ya chuma, dawa za maumivu zenye kodeini, na baadhi ya dawa za kiungulia hufunga choo. Mtu anaumwa mpasuko, anameza kodeini kwa ajili ya maumivu, choo kinakuwa jiwe. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa uamuzi wako, lakini mwulize daktari kama kuna mbadala. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli haina tatizo hilo.

Chooni na kwenye beseni

Utumbo una saa yake. Ukila, hasa asubuhi baada ya kukaa usiku kucha bila chakula, utumbo mpana hupata ishara ya kusukuma. Ndiyo maana haja nyingi huja muda mfupi baada ya kifungua kinywa, na ndiyo maana kuruka kifungua kinywa ni kujinyima msaada wa bure. Amka mapema kidogo, kula, tembea tembea ndani, na haja ikija nenda. Usiiambie isubiri.

Kama unatumia choo cha kukaa, weka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, kisha inama mbele kidogo. Kuna msuli unaouzunguka utumbo wa chini na kuukunja. Ukiwa umekaa wima unabaki umebana, ukikaa kwa mkao wa kuchuchumaa unalegea na njia inanyooka. Usijikamue huku umeshika pumzi. Toa pumzi taratibu kwa mdomo, legeza tumbo, legeza hata taya. Inachekesha, lakini jaribu kukaza meno na kulegeza huko chini kwa wakati mmoja uone. Dakika tano, kumi zikizidi. Kama hakuna kitu, inuka, urudi baadaye. Na simu ibaki nje. Hakuna habari duniani inayostahili kusomwa ukiwa umekalia kidonda.

Kupaka mafuta mepesi ya mgando kwenye tundu kabla ya kwenda hupunguza msuguano. Baada ya hapo jisafishe kwa maji, si karatasi kavu, wala si sabuni yenye manukato, na ujikaushe kwa kugusagusa kwa kitambaa laini.

Halafu beseni. Kama ningeambiwa nichague tiba moja tu ya nyumbani, ningechagua hii. Maji ya uvuguvugu, ya kiasi ambacho ndani ya kiwiko unayahisi ya kupendeza na si ya kuchoma, yatoshe kufunika makalio ukikaa. Dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, na moja ya hizo iwe mara tu baada ya haja. Hayahitaji chumvi, dettol wala majani ya aina yoyote. Kazi inafanywa na joto: msuli wa ndani, ule usiosikiliza amri, unalisikiliza joto. Dakika mbili za mwanzo unaweza usihisi kitu. Kisha unahisi kama kuna kitu kimeachia, taratibu, na maumivu yanarudi nyuma. Kama unaishi na watu, tafuta beseni lako peke yako na lisiwe la kufulia. Maswali yatakuja. Jibu fupi la "daktari ameniagiza" linatosha.

Mwili unaotembea

Daktari aliyenihudumia aliponiambia niendelee na mazoezi nilishangaa kidogo, maana kila mwenye ushauri alikuwa ameniambia nipumzike. Lakini kupumzika kupita kiasi kunaulaza utumbo. Mwili ukitembea na utumbo unatembea. Mtu anayeshinda kwenye kiti tangu asubuhi hadi jioni ana nafasi kubwa zaidi ya kufunga choo. Kinachotakiwa ni kuchagua zoezi, si kuacha mazoezi.

Kutembea ndiko kwa kwanza na kwa wengi kunatosha. Nusu saa, mwendo wa kuchangamka, siku nyingi za wiki. Mimi nilikuwa natembea baada ya chakula cha jioni, na muda nilioupenda zaidi ni ule baada ya beseni, msuli ukiwa bado umelegea. Siku za maumivu makali tembea hata dakika kumi kumi. Kuogelea nako ni kuzuri kwa sababu hakuna kinachogusa wala kusugua, ila oga maji safi ukitoka na usibaki na nguo mbichi ya kuogelea.

Kukimbia kunategemea. Kidonda kikiwa kibichi, jasho na msuguano wa makalio kwa kilomita kadhaa vitakuwasha hadi ujute. Kikianza kutulia, rudi kwa umbali mfupi, paka mafuta ya mgando kabla, vaa chupi ya pamba isiyobana, na ukifika nyumbani oga mara moja badala ya kukaa na jasho ukijibu ujumbe. Baiskeli niliiweka pembeni kabisa. Kiti chake kinagandamiza eneo lile lile unalotaka lipate damu.

Sasa wa jimu, na hapa najisemea mwenyewe. Kunyanyua vyuma si haramu. Tatizo ni kile kitendo cha kushika pumzi na kujikaza unapoinua uzito mkubwa. Shinikizo lote la tumboni linaelekea chini, sawasawa na kujikamua chooni. Kuchuchumaa na mzigo mabegani na kuinua chuma kutoka sakafuni ndiyo yanayoongoza kwa kosa hili. Katika kipindi cha maumivu yaache hayo mawili. Fanya ya mikono na mabega ukiwa umesimama au umelala, kwa uzito unaoweza kuuinua huku unatoa pumzi. Kipimo changu kilikuwa rahisi: kama siwezi kuhesabu kwa sauti wakati naunyanyua, uzito ni mkubwa mno kwa sasa. Ukiona wenzako wanakutazama kwa sababu ya vyuma vyako vidogo, waache watazame.

Kuna zoezi moja ambalo halionekani kama zoezi. Lala chali, kunja magoti, weka mkono juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua hadi tumbo liinue mkono, na wakati huo huo acha sakafu ya nyonga, yaani ile misuli ya chini kabisa inayobeba kibofu na utumbo, ishuke na kulegea. Toa pumzi bila kukaza chochote. Dakika tano. Mwenye mpasuko huishi amejibana bila kujua: akitembea kajibana, akiandika kajibana, akilala kajibana. Zoezi hili linaufundisha mwili kuachia. Unaweza pia kupiga magoti, ukakalia visigino na kuinamisha kifua hadi sakafuni, mikono mbele, ukapumua hivyo hivyo. Yale mazoezi ya kubana na kuachia sakafu ya nyonga, ambayo wengi hufundishwa baada ya kujifungua, yasubiri au yafanywe kwa maelekezo ya mtaalamu. Msuli ambao tayari umekaza hauhitaji kufundishwa kukaza.

Na kama kazi yako ni ya kukaa, inuka kila baada ya nusu saa hivi. Mto laini wa kawaida ulinifaa. Ile mito yenye tundu katikati baadhi ya watu wanaisifu, mimi niliona inauvuta na kuutanua ule mchaniko, nikaigawa.

Dawa, na lini usijitibu

Mipasuko mipya mingi, ile isiyozidi wiki 6 hivi, hupona kwa chakula, maji na beseni. Ukipita hapo, au maumivu yakiwa hayakuachii, kuna tiba. Krimu zenye nitrogliserini, diltiazemu au nifedipini hulegeza ule msuli wa ndani na kurudisha damu. Hupakwa kwa wiki 6 hadi 8 na si siku tatu. Nitrogliserini huleta maumivu ya kichwa kwa wengi, na usiitumie kamwe pamoja na dawa za nguvu za kiume, kwani presha inaweza kushuka vibaya sana. Lidokeini hutia ganzi kwa muda. Zikishindikana kuna sindano ya botoksi, dawa inayoulegeza msuli kwa muda, na mwisho kuna upasuaji mdogo wa kukata sehemu ya msuli ule, ambao huponya zaidi ya watu 9 kati ya 10, ingawa una uwezekano wa mtu kupata shida ya kuzuia hewa au kinyesi. Hilo ulizungumze waziwazi na daktari wa upasuaji kabla ya kusaini, hasa kama umewahi kujifungua kwa shida.

Usijitibu kwa dawa za bawasiri kwa kuwa tu umeona damu. Bawasiri za ndani mara nyingi hutoa damu bila maumivu, mpasuko unauma. Na damu si lazima iwe mojawapo ya hayo mawili. Nenda hospitali bila kusubiri kama damu ni nyeusi au imechanganyika na kinyesi, kama unapungua uzito bila sababu, una homa au usaha, kama mwenendo wa choo umebadilika kwa wiki kadhaa, au kama kwenu kuna aliyeugua saratani ya utumbo. Mpasuko ulio pembeni badala ya katikati, au mingi kwa pamoja, nao unataka kuchunguzwa, kwa sababu unaweza kutokana na ugonjwa mwingine kama wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), kifua kikuu au kaswende. Uchunguzi wenyewe kwa kawaida ni kutazama tu. Ukiogopa kupimwa kwa kuingizwa kidole, mwambie daktari mapema kwamba unaumia sana.

Maumivu yakiisha, na siku za safari

Maumivu hutangulia kuondoka, kidonda hufuata baadaye. Ngozi mpya ni nyembamba na choo kimoja kigumu kinaweza kuirudisha nyuma, kwa hiyo endelea na dengu, maji na isabgoli kwa miezi kadhaa baada ya kujisikia mzima. Vyuma ongeza kimoja kimoja, pilipili rudisha kwa kuonja.

Safari ndizo zinazoharibu. Mtu anapanda basi au ndege, hanywi maji ili asisumbuke kutafuta choo, anakaa saa nane, anakula mkate mweupe na soda, anafika na tumbo limefunga. Mimi hubeba chupa ya maji, plamu kavu, matufaha mawili, na isabgoli kwenye kopo dogo. Nachagua kiti cha kandokando ya njia ili niinuke bila kumwomba mtu. Nikifika, kabla ya kufungua mizigo natembea nusu saa, na asubuhi inayofuata nakula kwa saa ile ile niliyozoea hata kama wenyeji bado wamelala. Siku ya kwanza choo kikichelewa siwi na haraka. Naongeza maji, natembea tena, na jioni natumia dawa ya kulainisha niliyoandikiwa.